Sumaku Huvuta Nini, na kwa Nini?

Sumaku ni kitu chenye uwezo wa kuvuta chuma bila kukigusa. Iko karibu kila nyumba, ingawa mara nyingi imejificha: nyuma ya spika ya redio, ndani ya simu, kwenye mpira unaozunguka mlango wa friji, katika dainamo ya baiskeli, ndani ya mota ya feni ndogo ya betri. Mtoto anayetaka kuifahamu hahitaji maabara. Spika mbovu iliyotupwa na fundi redio inatosha. Nyuma yake kuna pete nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, ambayo hata ikitolewa hubaki na nguvu yake kwa miaka mingi.

Pete hiyo ikifungwa uzi na kuburutwa kwenye mchanga wa barabarani au wa ufukweni, mara nyingi hurudi imejaa chembe nyeusi zilizosimama wima juu yake. Chembe hizo si uchafu. Nyingi ni magnetaiti, madini ya chuma na oksijeni, na ndiyo yaliyowafundisha watu wa kale habari za sumaku, kwa kuwa baadhi ya mawe yake huokotwa yakiwa tayari ni sumaku. Wagiriki waliyajua zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na Wachina wakaja kuyatumia kutengenezea dira. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wanaujua vizuri mchanga huu mweusi, kwa sababu ni mzito na hubaki chini ya karai pamoja na dhahabu. Wengine huupitishia sumaku: mchanga hupanda, dhahabu hubaki.

Kinachonaswa na kisichonaswa

Watu husema sumaku huvuta metali. Hiyo ni nusu ya ukweli, na ndiyo nusu inayowaponza wanafunzi kwenye mtihani. Metali nyingi hazivutwi kabisa na sumaku ya kawaida. Zinazovutwa kwa nguvu ya kuonekana ni chache sana: chuma, nikeli na kobalti, pamoja na mchanganyiko wa baadhi ya metali ulio na mojawapo ya hizo. Msumari, wembe, bati la kuezekea, mkebe wa maziwa ya unga na kizibo cha chupa ya soda hunaswa, kwa kuwa vyote vina chuma. Sufuria ya alumini, waya wa shaba, pete ya dhahabu na mkufu wa fedha havishtuki. Vijiko vya stenlesi ndivyo vinavyochanganya: kimoja kitanaswa, kingine kitaanguka, ingawa vimenunuliwa duka moja. Aina ya stenlesi iliyotiwa nikeli nyingi kwa kawaida haivutwi, licha ya kwamba chuma na nikeli, kila kimoja peke yake, huvutwa. Kinachoamua si metali zilizomo tu, bali pia jinsi atomu zake zilivyopangana.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anaishi kwa tofauti hizi. Kipande cha sumaku hakimtoki mfukoni. Bomba likinaswa, muuzaji atalipwa bei ya chuma. Lisiponaswa, huenda ni shaba au alumini, na mazungumzo ya bei yanaanza upya. Anayenunua mkufu wa dhahabu anaweza kutumia njia hiyohiyo, ila aelewe mipaka yake. Mkufu unaoruka kuifuata sumaku si dhahabu halisi, isipokuwa kama kinachovutwa ni kibanio tu, maana ndani yake mna springi ndogo ya chuma. Lakini mkufu usiovutwa haujathibitisha kitu: shaba iliyopakwa dhahabu nayo haivutwi.

Nguvu ya sumaku hupenya karatasi, mbao, kioo, maji na hata kiganja cha mkono. Pini iliyozama ndani ya glasi ya maji inaweza kupandishwa hadi juu kwa sumaku inayosogezwa nje ya glasi, bila kidole kulowa. Kinachoizuia ni chuma chenyewe. Bamba la chuma likiwekwa katikati, sehemu kubwa ya nguvu hupita ndani ya bamba hilo, na pini iliyo upande wa pili husalia ilipo.

Ncha mbili zisizotengana

Nguvu ya sumaku haiko sawa kila mahali. Sumaku yenye umbo la fito ikizamishwa kwenye pini, pini hujazana mwishoni mwa kila upande, na katikati hubaki peupe. Sehemu hizo mbili zenye nguvu huitwa ncha. Fito hiyo ikining'inizwa kwa uzi, mbali na vyuma vingine, itazunguka kidogo kisha itulie, ncha moja ikielekea kaskazini na nyingine kusini. Ndiyo sababu zinaitwa ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Katika pete ya spika ncha haziko pembezoni: uso mmoja wa pete ni kaskazini na uso wa pili ni kusini.

Ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Sentensi hii hukaririwa na kila mwanafunzi, lakini aliyeikariri bila kushika sumaku mbili mkononi hajajua bado inasema nini. Pete mbili zikivishwa kwenye penseli moja iliyosimamishwa wima, nyuso zinazofanana zikitazamana, ile ya juu hukataa kutua. Huelea hewani, na ikibonyezwa kwa kidole hurudi juu. Ikigeuzwa, hushuka na kugongana na mwenzake kwa kishindo, na kidole kilichochelewa kutoka hubanwa.

Kusukumana huko ndiko kunakotambulisha sumaku. Msumari wa kawaida huvutwa na ncha zote mbili, kwa hiyo kuvutana hakutoshi kusema kwamba vitu viwili vyote ni sumaku. Lakini vipande viwili vya chuma vikisukumana, jibu liko wazi: vyote viwili ni sumaku.

Je, ncha moja inaweza kutenganishwa na nyingine? Sumaku ikikatwa katikati, hazipatikani kaskazini upande huu na kusini upande ule. Hupatikana sumaku mbili kamili, kila moja ikiwa na ncha zake mbili. Vipande hivyo vikikatwa tena, mambo ni yaleyale. Mpaka leo hakuna aliyewahi kushika sumaku yenye ncha moja.

Sababu iko ndani kabisa ya chuma. Kila atomu ina elektroni, na kila elektroni ni sumaku ndogo mno. Katika vitu vingi, elektroni hukaa mbili mbili zikielekea pande zinazopingana, kwa hiyo nguvu zake hufutana. Ndiyo maana kuni, plastiki na shaba hazina habari na sumaku. Katika chuma, baadhi ya elektroni hazina mwenza wa kuzifuta, na atomu zilizo jirani hupenda kuelekea upande mmoja. Hujikusanya katika makundi madogo sana, na kila kundi ni sumaku inayojitegemea. Chuma cha kawaida kinafanana na uwanja wa shule wakati wa mapumziko: kila kundi limeelekea kwake, na nguvu zao hazijumliki. Sumaku ni uwanja huohuo kengele ikishalia na wanafunzi wakiwa mstarini, wote wametazama upande mmoja.

Kuanzia hapo mengi hujieleza. Msumari unaoguswa na sumaku huweza kunyanyua pini kadhaa, kwa kuwa makundi yake yamelazimishwa kupangana. Sumaku ikiondolewa, mengi hurudi kwenye vurugu yake na pini huanguka. Chuma kigumu, kama kile cha sindano ya kushonea, hupangika kwa shida, lakini kikishapangika hakisahau upesi. Sumaku inayogongwa nyundo au kuangushwa mara kwa mara hudhoofika, maana mtikisiko huvuruga mpangilio. Moto nao huuvuruga kabisa. Chuma kikifikia nyuzijoto 770 za Selsiasi hakivutwi tena na sumaku yoyote mpaka kipoe. Kiwango hicho cha joto kimepewa jina la Pierre Curie, mwanasayansi wa Ufaransa aliyelichunguza jambo hili na kutangaza matokeo yake mwaka 1895.

Dira ya bakuli

Kutengeneza sumaku ni kazi ya dakika chache. Sindano ya kushonea husuguliwa kwa ncha moja ya sumaku, kuanzia tunduni hadi kwenye makali, kisha sumaku huinuliwa na kurudishwa mwanzo kupitia hewani. Kusugua kwa kwenda na kurudi huharibu kazi. Baada ya kurudia mara thelathini au arobaini, sindano huwekwa juu ya kipande cha jani kinachoelea kwenye bakuli la plastiki lenye maji yaliyotulia. Jani litazunguka polepole na kusimama, sindano ikiwa imelala kaskazini na kusini. Ikisukumwa, hurudi palepale. Sindano iliyosuguliwa kwa ncha ya kaskazini huwa na ncha ya kusini pale msuguo ulipoishia.

Mchina Shen Kuo aliandika habari za sindano kama hiyo mnamo mwaka 1088, na alikwisha kugundua kwamba haielekei kaskazini kamili bali hukengeuka kidogo. Kwa nini ielekee kaskazini hata kidogo, hilo lilikaa muda mrefu bila jibu zuri. Wapo waliodhani inavutwa na nyota, na wapo waliozungumzia mlima wa sumaku ulioko mbali kaskazini. Daktari Mwingereza William Gilbert alichonga mawe ya magnetaiti yakawa mviringo, akapitisha sindano juu yake, akaona sindano inajielekeza kama inavyojielekeza duniani. Mwaka 1600 alitangaza kwamba dunia yenyewe ni sumaku.

Gilbert alikuwa sahihi, ingawa hakujua nini kinachoifanya hivyo. Chini ya miguu, kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi, kuna chuma na nikeli vilivyoyeyuka. Joto la huko limepita mbali nyuzijoto 770, kwa hiyo haiwezekani kuwa kuna sumaku ya kawaida iliyozikwa. Kinachotokea ni kwamba chuma hicho kioevu hutembea na kuzunguka, mwendo huo hutengeneza mikondo ya umeme, na mikondo hiyo ndiyo inayozaa usumaku wa dunia.

Kwa kuwa chuma hicho hakitulii, ncha za sumaku ya dunia nazo hazitulii. James Clark Ross aliifikia ncha ya kaskazini mwaka 1831 katika eneo la aktiki la Kanada. Tangu hapo imehama, imevuka Bahari ya Aktiki kuelekea Siberia, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa ikisogea kiasi cha kilomita 50 kwa mwaka. Miamba ya kale inaonyesha jambo kubwa zaidi: mara nyingi katika historia ya dunia, ncha hizo zimebadilishana nafasi. Mara ya mwisho ilikuwa takriban miaka 780,000 iliyopita.

Sindano ya dira haielekei tu, huinama pia. Karibu na ncha za dunia hutaka kusimama wima. Uko mstari unaoizunguka dunia ambapo sindano hulala sawasawa, na katika Afrika Mashariki mstari huo hauambatani na ikweta inayopita Kenya na Uganda. Uko kaskazini zaidi, Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Kwa hiyo Nairobi na Dar es Salaam, sindano iliyoachwa huru huinua ncha yake ya kaskazini na kushusha ile ya kusini, kinyume cha inavyofanya Ulaya. Watengenezaji wa dira hulijua hili, na huisawazisha sindano kwa kufuata eneo itakakotumika.

Baharini, dira ilikuwa roho ya chombo kabla ya setilaiti kuja. Nahodha makini hakuruhusu kisu wala nanga ndogo karibu nayo, kwa sababu kipande cha chuma kilicho jirani huidanganya sindano. Simu za siku hizi zina kihisio kinachopima usumaku wa dunia, nacho hudanganyika vilevile: kava la simu lenye sumaku linatosha kuupotosha upande wa kibla kwa msafiri. Mkazi wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hana haja kubwa ya kuhangaika, kwani Makka iko karibu kwenye longitudo moja na pwani hiyo na kibla ni kaskazini. Aliyehamia London ataelekea kusini-mashariki, na aliye Maskati ataelekea magharibi.

Wako pia viumbe waliozaliwa na dira yao. Kasa wanaoanguliwa ufukweni huingia baharini na kusafiri maelfu ya kilomita. Watafiti nchini Marekani waliwaweka watoto wa kasa katika tangi lililozungushiwa waya za umeme, wakaubadilisha usumaku uliowazunguka. Kasa wakabadilisha upande wa kuogelea. Njiwa nao huitumia hisia hiyo, pamoja na jua na alama za nchi.

Umeme unapoingia

Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikicheza kila alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu nayo. Waya huo, ambao kwa kawaida si sumaku, ulikuwa umegeuka sumaku kwa sababu tu umeme ulipita ndani yake. Pengine hakuna jaribio dogo kuliko hilo lililobadilisha maisha ya watu wengi zaidi.

Jaribio lake linaweza kuendelezwa darasani kwa msumari mrefu, waya mwembamba wenye ganda na betri moja ya tochi. Waya huzungushwa kwenye msumari mara hamsini hivi, ncha zake zikaunganishwa na betri. Msumari utanyanyua pini. Ukiunganishwa kinyume, kaskazini na kusini hubadilishana. Waya ukiondolewa kwenye betri, pini nyingi huanguka. Hii ni sumaku umeme, na ubora wake ni kwamba huwashwa, huzimwa na kuongezwa nguvu kwa kuongeza mizunguko ya waya. Waya na betri hupata joto upesi, hivyo visiachwe vimeungana. Umeme wa ukutani usitumike kwa jaribio hili hata mara moja, unaua.

Michael Faraday aliligeuza swali mwaka 1831: ikiwa umeme huzaa usumaku, je, sumaku inaweza kuzaa umeme? Inaweza, mradi itembee. Sumaku iliyotulia ndani ya waya uliozungushwa haitoi kitu. Ikisogezwa, umeme hupita. Dainamo ya baiskeli haifanyi zaidi ya hapo: tairi huzungusha sumaku, taa huwaka, na baiskeli ikisimama taa huzimika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na kiini cha kazi yake ni hichohicho. Maji huzungusha sumaku umeme kubwa iliyozungukwa na waya za shaba.

Hospitalini, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku huwa na nguvu inayozidi ile ya dunia kwa zaidi ya mara 30,000. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa kwa bahati mbaya katika chumba hicho huruka hewani, na hiyo ndiyo sababu ya maswali mengi ambayo mgonjwa huulizwa mlangoni. Lakini damu ya mgonjwa haitikisiki, japo ina chuma, kwa kuwa chuma hicho kimefungwa ndani ya molekuli na hakina yale makundi yanayopangana. Wauzaji wa bangili za sumaku wanaodai kwamba huvuta damu na kutibu baridi yabisi au shinikizo la damu wanauza mapambo. Hakuna zaidi.

Matibabu yanayofanya kazi kweli yako zizini. Ng'ombe hula bila kuchagua, na humeza misumari na vipande vya waya vinavyoweza kumtoboa hadi moyoni. Daktari wa mifugo humpa ng'ombe sumaku laini yenye umbo la kidole aimeze. Hukaa tumboni maisha yake yote, ikishikilia vyuma visitembee.

Kwa mtoto mambo ni tofauti kabisa. Tangu miaka ya 1980 zimekuwapo sumaku za neodimi, ndogo kama punje ya mahindi na zenye nguvu kupita pete ya spika mara nyingi. Ziko ndani ya spika za masikioni na katika vitu vya kuchezea vyenye vigololi vinavyoshikana. Mtoto akimeza kimoja, mara nyingi hutoka chenyewe. Akimeza viwili, huvutana kutoka sehemu mbili za utumbo, vikabana kuta zake katikati, na utumbo hutoboka ndani ya muda mfupi. Vitu hivyo viwekwe mbali na watoto wadogo. Anayeshukiwa kuvimeza apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na asingojewe mpaka alalamike tumbo.